Kadi za pointi au kadi za kurudishiwa pesa: ipi inamfaa nani?

Kila likizo za Disemba zikikaribia, jamaa zetu walioko Marekani huanza kuulizana kuhusu nauli ya kuja nyumbani. Mmoja atasema amekata tiketi ya Mombasa kwa pointi za kadi yake ya mkopo, hakulipa ila kodi ya uwanja. Mwingine atasema yeye hana haja na pointi. Benki humrudishia pesa zake kila mwezi, basi. Kila mmoja humwona mwenzake anapunjwa. Nimeulizwa swali hili mara nyingi na vijana waliohamia huko, na hata na wazee wao walio huku ambao ndio hutumiwa hesabu. Leo nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu jawabu si moja kwa wote, na anayekosea hulipa kwa dola.

Kadi hizi ni zipi

Kadi ya mkopo si pesa zako. Ukinunua kitu, benki hukulipia, halafu mwisho wa mwezi hukuletea bili. Ukilipa bili yote kabla ya tarehe ya mwisho, hulipi riba. Sheria ya Marekani ya 2009 inaitaka benki ikuletee bili angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Ukibakisha deni, riba huanza kuhesabiwa.

Ili uitumie kadi yake na si ya jirani, benki hukupa kishawishi, na kishawishi hicho huja kwa sura mbili.

Ya kwanza ni kurudishiwa pesa kwa kiwango kimoja. Ununue unga, ujaze mafuta au ulipe daktari, unarudishiwa asilimia ile ile. Kiwango kilichozoeleka Marekani kwa kadi zisizo na ada ya mwaka ni asilimia 2. Citi Double Cash, iliyoanza 2014, hukupa asilimia 1 ukinunua na asilimia 1 nyingine ukilipa deni. Wells Fargo Active Cash, iliyotoka 2021, hukupa asilimia 2 moja kwa moja.

Ya pili ni mpango wa pointi au maili. Hapa kila aina ya matumizi ina kiwango chake: pengine pointi 3 kwa kila dola ya mkahawani, 2 kwa safari na 1 kwa mengine yote. Pointi unaweza kuzigeuza pesa, kuzitumia kukata tiketi, au kuzihamishia kwenye mpango wa shirika la ndege. Kadi kama Chase Sapphire Preferred zinafuata mtindo huu, nayo hutoza ada ya dola 95 kwa mwaka.

Kati ya hizo mbili kuna kadi za kurudishiwa pesa zenye viwango tofauti tofauti. Blue Cash Preferred ya American Express hutoa asilimia 6 kwa manunuzi ya supamaketi za Marekani, lakini kwa dola 6,000 za kwanza za mwaka tu. Baada ya hapo inashuka hadi asilimia 1. Chase Freedom Flex hutoa asilimia 5 kwa aina ya matumizi inayobadilika kila miezi mitatu, kwa kikomo cha dola 1,500, na lazima ujisajili kila awamu. Ukisahau kujisajili, huna chako.

Pesa hizi zinatoka wapi

Benki haitoi sadaka. Kila ukipitisha kadi, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu ya ada hiyo humwendea benki aliyekupa kadi. Marekani ada hii ni kubwa, na ndiyo inayolipia zawadi. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, nafasi ya kutoa zawadi nono ikafinyika. Ndiyo sababu ndugu yako aliye Ujerumani hana kadi kama ya ndugu yako aliye Ohio. Marekani kwenyewe, sheria ya 2010 ilipunguza ada ya kadi za kawaida za benki kubwa, zile zinazokata pesa zako mwenyewe kwenye akaunti, na zawadi nyingi za kadi hizo zikatoweka.

Mwenye duka naye hakai na hasara. Huipandisha kwenye bei. Kwa hiyo anayelipa taslimu hulipa bei ile ile iliyobeba ada ya kadi, na harudishiwi kitu. Mama anayefanya usafi hotelini na kulipwa kwa noti humchangia tiketi mwenye kadi ya dhahabu. Hilo si kosa la mwenye kadi, lakini ni vyema ajue.

Chanzo cha pili ni riba. Wastani wa riba ya kadi za mkopo Marekani ulipita asilimia 20 kwa mwaka mnamo 2023, kwa hesabu za benki kuu ya nchi hiyo. Wanaobakisha deni ndio wanaoineemesha benki. Cha mlevi huliwa na mgema.

Tupige hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tuchukue kalamu. Sema familia inatumia dola 2,000 kwa mwezi kupitia kadi, yaani 24,000 kwa mwaka.

Kwa kadi ya asilimia 2 isiyo na ada, inarudishiwa dola 480. Hakuna la kufikiria zaidi.

Sasa tuipe familia hiyo hiyo kadi ya pointi yenye ada ya dola 95. Mkahawani inatumia 3,600 kwa mwaka, ikipata pointi 10,800. Safari 2,400, ikipata pointi 4,800. Zilizobaki 18,000, ikipata pointi 18,000. Jumla ni pointi 33,600. Ikizigeuza pesa kwa senti moja kila pointi, ni dola 336. Toa ada ya 95, inabaki 241. Imepata nusu ya ile ya kwanza.

Ili pointi zishinde, kila moja lazima iletee familia hiyo zaidi ya senti 1.7. Inawezekana, lakini kwa njia moja hasa: kuzihamishia kwenye mpango wa ndege na kukata tiketi ambayo ungeilipia ghali kwa pesa. Nasisitiza neno "ungeilipia". Nawasikia watu wakisema wamepata tiketi ya dola 6,000 ya daraja la biashara kwa pointi. Je, wangetoa 6,000 mfukoni? Kama wangesafiri daraja la kawaida kwa 1,400, basi thamani waliyookoa ni 1,400. Iliyobaki ni starehe, nayo si dhambi, lakini tusiiandike kwenye daftari kama faida.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu hii: zawadi ya kujiunga. Kadi za pointi huahidi, kwa mfano, pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Hata kwa senti moja ni dola 600. Mwaka wa kwanza, basi, kadi ya pointi mara nyingi huishinda ya asilimia 2. Swali ni mwaka wa pili, na kama dola 4,000 hizo ni za matumizi uliyokuwa nayo tayari au umeanza kununua usivyovihitaji ili ufikie lengo.

Na ile kadi ya asilimia 6 ya supamaketi? Ukiilinganisha na ya asilimia 2, inakuzidishia asilimia 4. Ili kufidia ada ya dola 95 unahitaji manunuzi ya dola 2,375 kwa mwaka, kama 200 kwa mwezi. Familia yenye watoto wanne hufika hapo bila shida. Ikitimiza dola 6,000 inapata 360, toa 95, inabaki 265, dhidi ya 120 za kadi ya asilimia 2. Kijana anayeishi peke yake na kula kazini, haimfai.

Mitego inayowahusu watu wetu

Makala za Marekani huandikwa kwa Mmarekani wa kawaida. Wetu wana matumizi yao, na hapo ndipo wengi hunaswa.

*Kutuma pesa nyumbani.* Ukituma pesa kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huhesabu kama umetoa taslimu. Unatozwa ada, riba huanza siku hiyo hiyo bila kungoja bili, na hupati pointi hata moja. Pesa za mzee, karo na matibabu zitoke kwenye akaunti ya benki au kadi inayokata pesa zako mwenyewe.

*Duka la halali.* Asilimia 6 ya supamaketi haiangalii unachonunua. Inaangalia duka limesajiliwa vipi kwenye mtandao wa kadi. Bucha ya halali au duka dogo la vyakula vya kwetu huenda limesajiliwa kwa jina jingine kabisa. Walmart, Target na Costco nazo hazihesabiwi kuwa supamaketi kwa kadi ile ya American Express, na Costco za Marekani hazipokei American Express kabisa. Tangu 2016 zinapokea Visa tu kwa kadi za mkopo. Anayenunua mchele wa gunia Costco na nyama kwa Msomali wa mtaani, asilimia 6 yake ni ya kwenye karatasi. Kadi ya kiwango kimoja haina habari na haya yote.

*Kodi ya nyumba.* Wenye nyumba wengi wanaokubali kadi hukutoza ada ya karibu asilimia 3. Ukirudishiwa 2, umeshapoteza 1.

*Matumizi ukija likizo.* Kadi nyingi za kurudishiwa pesa, zikiwemo Double Cash na Active Cash, hutoza asilimia 3 kwa matumizi nje ya Marekani. Ukitumia dola 1,500 hapa Mombasa unatozwa 45 na kurudishiwa 30. Umepata hasara ya 15. Kadi nyingi za safari hazina ada hii. Na mashine ya dukani Nyali ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hatakuonea huruma.

Tiketi ya pointi hadi Mombasa

Upande wa pointi una haki yake, na kwa anayesafiri kuja kwetu haki hiyo ni kubwa. Kenya Airways, ambayo tangu Oktoba 2018 ina ndege ya moja kwa moja kati ya New York na Nairobi, iko katika umoja wa SkyTeam. Kwa hiyo pointi zinazohamishika kwenda Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, zinaweza kukutafutia kiti humo. Ethiopian na Turkish, ambazo hutua Mombasa kwenyewe, ziko Star Alliance, na viti vyake hukatwa kwa maili za United au pointi za Aeroplan ya Air Canada. Anayekusudia Umra ajue kwamba Saudia nayo iko SkyTeam.

Hapa ndipo pointi inaweza kuvuka senti 1.7, hasa ukikata mapema. Lakini viti vya pointi ni vichache, na wakati tunaotaka sote, Disemba na likizo za shule za Juni hadi Agosti, ndipo huadimika. Familia ya watu sita itafute viti sita ndege moja siku moja, halafu inipe habari. Mwenye uhuru wa kusafiri Februari yuko mbele zaidi. Pia kodi na ada za tiketi bado zinalipwa kwa pesa, na baadhi ya mashirika huziweka juu sana.

Pointi ni ahadi

Dola iliyoingia kwenye akaunti yako ni yako. Pointi ni ahadi, na aliyeahidi ndiye mwenye kalamu. Delta iliondoa jedwali lake la bei za tiketi za maili mwaka 2015. United ikafuata 2019. Tangu hapo mteja haambiwi mapema tiketi itagharimu maili ngapi. Bei hupanda na kushuka watakavyo wao. Aliyekusanya miaka mitano anaweza kuamka akute pointi zake zinanunua nusu ya safari.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda Atlanta kujifunza somo hili. Nakumatt ilikuwa na Smart Card, na kina mama wa Mombasa walikusanya pointi kwa miaka. Kampuni ilipoporomoka 2017 na hatimaye wadai wake kuamua ifungwe Januari 2020, kadi hizo zikabaki plastiki. Safaricom nayo mwaka 2022 ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka mitatu zingefutwa, kisha ikarudi nyuma. Wateja walishukuru, lakini walikuwa wameshaona kwamba mlango wa kufuta upo.

Kwa hiyo ukiwa na pointi, zitumie. Kuzilimbikiza kama dhahabu ni kumwekea mwingine akiba asiyokulipia.

Tusiliruke suala la riba

Kwa wengi wa wasomaji wetu suala la riba si la hesabu tu. Mimi si mufti, nami sitatoa fatwa. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wamekhitilafiana: wapo wanaoona mkataba wenye sharti la riba haufai hata kama hutailipa, na wapo wanaoruhusu kwa anayehitaji na mwenye uhakika wa kulipa deni lote kwa wakati. Muulize unayemwamini kabla ya kujaza fomu, si baada.

Hata ukiiacha dini kando, hesabu inatoa hukumu ile ile. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 21 hula karibu dola 52 kwa mwezi. Familia yetu ya mfano hurudishiwa 40 kwa mwezi. Mwenye deni, basi, hana zawadi. Analipa apewe sehemu ya pesa zake mwenyewe. Kwake yeye hakuna kadi bora kati ya hizi. Alipe deni kwanza, na matumizi ayahamishie kwenye kadi inayokata pesa zake au kwa taslimu.

Na sisi tulio huku?

Kenya kadi za mkopo zipo lakini si wengi walio nazo. Malipo yetu ni M-Pesa. Hata hivyo mizani ni ile ile. Bonga hutoa pointi 1 kwa kila shilingi 10, na tangu 2020 unaweza kununulia bidhaa madukani. Jiulize tu: dukani pointi inahesabiwa senti ngapi? Ikiwa ni senti 20, umerudishiwa asilimia 2 ya uliyotumia. Ukizigeuza dakika au data, linganisha na bei ambayo ungelipa kwa pesa. Kadi za pointi za supamaketi vivyo hivyo: gawanya thamani ya vocha kwa pesa ulizotumia kuipata, na usipande matatu mbili kwenda duka la mbali kwa ajili ya nusu asilimia.

Basi uchague ipi?

Ushauri wangu ni huu. Chukua kadi ya kiwango kimoja ikiwa hutaki daftari la pili nyumbani, ikiwa safari yako ni moja kila miaka miwili mitatu, au ikiwa manunuzi yako ni ya maduka madogo yasiyo na jina kwenye orodha za benki. Kwa familia nyingi za kwetu ng'ambo, hii ndiyo yao.

Chukua ya viwango tofauti ikiwa jikoni mwako panakula pesa nyingi na unanunua kwenye supamaketi inayohesabiwa. Itumie hapo tu, na mengine yote yaende kwenye ile ya asilimia 2.

Chukua ya pointi ikiwa una mambo matatu kwa pamoja: unalipa bili yote kila mwezi, unasafiri angalau mara moja kwa mwaka na unaweza kupanga tarehe zako, na una subira ya kutafuta viti. Kikikosekana kimoja, usiache mbachao kwa msala upitao.

Na ikifika siku ya kulipa ada ya mwaka, chukua karatasi uandike ulichopata katika miezi 12 iliyopita. Kisipozidi ada pamoja na asilimia 2 ya matumizi yako, ipigie benki simu siku hiyo hiyo. Omba wakubadilishie iwe kadi isiyo na ada badala ya kuifunga, maana muda ambao akaunti imekuwa wazi huhesabiwa kwenye rekodi yako ya mikopo, na rekodi hiyo ndiyo watakayoiangalia ukienda kuomba nyumba. Kabla ya kubadilisha, hakikisha pointi zako umeshazitumia au umezihamisha.